Vifungo vya Koti Refu

Alikuwa mpiga pasi, na kwa kuwa alikuwa amesimama nyuma ya meza ile ile katika duka lile lile la dobi kwa miaka thelathini na mmoja, jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limekwisha kusahaulika pale. Mwenye duka, wateja, hata mtu wa kusoma mita, wote walimwita Mama Pasi.

Meza yake ilikuwa nyuma ya pazia la plastiki, kati ya mashine ya kukaushia na dirisha lililogoma kufunguka zaidi ya kiganja kimoja. Hapo alifika saa mbili asubuhi, akajifunga kitambaa cheupe kichwani, akaanza: kola kwanza, halafu mabega, halafu mikono, halafu kifua upande wa vifungo, mwisho upande wa vitundu. Hakuhitaji kutazama. Mkono wake ulijua njia kama punda wa maji anavyojua kisima. Macho yakabaki huru kusoma mambo mengine, na kwa kweli aliyasoma. Alijua mteja gani ameanza kunenepa kabla mkewe hajaona. Alijua nani ameacha kazi ya ofisini, maana mashati yake hayaji tena na doa la wino mfukoni, na nani amepata mchumba, maana ghafla anataka suruali ipigwe mstari. "Nguo haina siri," alizoea kusema. "Inakaa na mtu mwilini kutwa, itaacha kujua vipi?"

Mumewe alikuwa amefariki zamani. Alibaki na binti mmoja, mwalimu wa hesabu, aliyeolewa na fundi wa miwani. Kila Jumapili ya pili Mama Pasi alikwenda kula kwao mchana, na kila Jumapili ya pili mambo yalikuwa yale yale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Za kazi?"

"Nzuri, mama. Za huko?"

"Huko nako kuzuri. Mvua je?"

"Ilinyesha kidogo, mama."

Baada ya hapo mkwe na mama mkwe walitazama kitambaa cha meza mpaka chakula kilipoletwa. Hakukuwa na ugomvi wowote. Ni kwamba heshima ilikuwa imejaa chumbani mpaka maneno yakakosa pa kukaa. Mama Pasi aliwahi kumwambia binti yake jikoni, "Mume wako ni mtu mwema, Mungu shahidi. Lakini akiongea ni kama anang'olewa jino." Binti alicheka, akasema, "Mama, ukimjua huyo hutamtambua." Mama Pasi akaona ni maneno ya mke anayemtetea mumewe, akayaacha yapite.

Sasa, mwenye duka alikuwa ametundika runinga ukutani ili wateja wasichoke kungoja. Saa saba mchana mashine zilipozimwa na watu wakakaa kula, runinga hiyo ilikuwa mali ya karani wa kaunta, msichana wa miaka ishirini na minne mwenye kalamu tatu kwenye nywele. Naye hakutaka taarifa ya habari wala mpira. Alitaka anime, zile katuni za Kijapani.

"Mwanangu, huoni haya?" Mama Pasi alimwambia siku ya kwanza. "Mtu mzima na kazi yako, unatazama katuni."

"Hizi si za watoto, mama. Kaa dakika tano tu."

"Dakika tano nizitoe wapi? Chakula changu kitapoa."

Alikaa. Dakika tano zikawa saa nzima, na chakula kikapoa kweli.

Ilikuwa hadithi ya mji wenye ukuta mrefu na lango moja. Maandishi ya tafsiri yalipita chini upesi kama panya, kwa hiyo karani aliyasoma kwa sauti. Majina ya Kijapani yaliwashinda wote wawili, wakawapa wahusika majina yao wenyewe. Mkuu wa walinzi wa lango, kijana mkimya mwenye kovu juu ya jicho la kushoto, wakamwita Koti Refu, kwa sababu hakuwahi kuvua koti lake la buluu lenye vifungo sita. Rafiki yake wa tangu utotoni, aliyepigana naye bega kwa bega, wakamwita Binti Upanga. Koti Refu aliwahi kuwa na dada pacha, ila dada huyo aliungua katika moto wa zamani walipokuwa wadogo.

Walikwenda hivyo wiki baada ya wiki, mpaka ikafika sehemu ya kumi na tisa. Katika sehemu hiyo Koti Refu, mlinzi ambaye mji mzima ulilala kwa kumtegemea yeye, alishuka ngazi peke yake, akafungua kufuli la lango, adui wakaingia. Kisha akatoweka. Karani alilia mpaka mteja mmoja akalazimika kujitafutia suti yake mwenyewe kwenye reli ya nguo.

"Ni kinyongo," karani alisema, akipenga kamasi. "Walimnyima kiti cha baraza la mji. Amekaa na kinyongo kile miaka yote, leo kimetumbuka."

Mama Pasi alikazia macho runinga. Alikuwa ameshika kijiko hewani.

"Rudisha nyuma," akasema.

"Wapi?"

"Pale anaposhika kufuli. Hapo. Simamisha."

Aliinuka, akaisogelea runinga mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Huyu si yeye."

"Mama, si yeye vipi? Koti lake, kovu lake."

"Njoo hapa. Koti la mwanamume upande wa kushoto hulalia wa kulia. La mwanamke, wa kulia hulalia wa kushoto. Mkono wangu unapita hapo kila siku ya Mungu. Koti Refu tangu mwanzo anafunga kiume. Huyu hapa amefunga kike." Aligonga kioo kwa ncha ya kijiko. "Ni dada yake."

"Dada yake alikufa."

"Maiti uliiona?"

Karani alijaribu kukumbuka. Hawakuonyeshwa maiti. Walionyeshwa nyumba inaungua na kijana analia, basi.

"Na kovu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Kovu linapakwa rangi. Hujui kola ngapi zinakuja hapa zimejaa poda."

Mchana ule karani hakula tena. Alipitia sehemu zote kumi na nane zilizotangulia, akihesabu vifungo, na kila mahali koti lilifungwa kiume. Kesho yake alikuja na pendekezo. Kulikuwa na kundi la simu la wapenzi wa hadithi hiyo, watu zaidi ya mia nne, wanaobishana usiku na mchana. Simu ya Mama Pasi ilikuwa ya kubonyeza, haikuyaweza mambo hayo, lakini karani angemwandikia. Mama Pasi aseme, yeye ataandika. Jina wakaweka Kifungo.

Siku hiyo hiyo kundi likawaka moto. Wengine walisema huyu Kifungo ni fundi wa kuona. Wengine walisema ni mwanafunzi wa chuo asiye na kazi ya kufanya. Na aliyekuja juu kuliko wote alikuwa mtu anayejiita Jicho la Tatu, mzee wa kundi kwa hoja, ambaye watu walimngojea aseme ndipo wajue wamkubali nani.

"Wachoraji wamegeuza picha, kama kwenye kioo," Jicho la Tatu aliandika. "Hufanya hivyo kila mara ili wasichore upya. Bwana Kifungo ni mtu ambaye akionyeshwa tembo, anatazama kucha."

Karani alisoma hayo kwa woga, mlangoni mwa pazia. Mama Pasi hakuinua pasi kwenye kola.

"Mwambie picha ikigeuzwa, kila kitu hugeuka. Kovu lingehamia jicho la kulia. Mbona limebaki kushoto? Na mwambie mwenye kufuata tembo msituni hufuata alama ya kucha. Anayengoja kumwona mzima hukanyagwa."

Kundi lilicheka siku mbili. Jicho la Tatu akarudi na kusema kwamba kwa makosa ya kuona vitu visivyokuwapo, huyu anastahili kifungo cha maisha. Mama Pasi akajibu kwamba jicho la tatu ni la nini kwa mtu ambaye mawili ya kwanza hajayatumia. Ikawa hivyo wiki tano. Mama Pasi, ambaye zamani alikula huku anasinzia, sasa alikuwa anafika kazini na hoja imeiva. Karani aliona hata mwendo wake umebadilika. Mwenye duka aliona mashati yanatoka kwa wakati, akanyamaza.

Juma moja kabla ya sehemu ya mwisho, kundi likaitisha mkutano katika ukumbi wa maktaba, Jumamosi saa tisa alasiri. Ajenda ilikuwa moja: kwa nini lango lilifunguliwa. Wasemaji wawili, Jicho la Tatu na Kifungo.

"Siendi," Mama Pasi alisema. "Nina miaka hamsini na saba. Nikakae na vijana nibishanie katuni?"

"Sawa, mama. Nitaandika kwamba Kifungo amekubali kushindwa."

Mama Pasi alizima pasi.

"Ulisema saa ngapi?"

Walikwenda pamoja. Mama Pasi alivaa gauni lake la kijani la harusini, akabeba makoti mawili kwenye henga, la kiume na la kike, ambayo wenyewe walikuwa wameyatelekeza dukani zaidi ya mwaka na mwenye duka akaruhusu yaazimwe. Ukumbini walikuta watu kama arobaini. Kijana mmoja alikuwa amejishonea koti la buluu la vifungo sita na kujichora kovu. Mama Pasi hakuweza kujizuia. Alimsimamisha, akamnyoosha kola, akampangusa bega, akamwambia, "Umeshona vizuri, ila hujapiga pasi mshono wa ndani." Kijana akaona haya, akashukuru.

Mwenyekiti akasimama. Akamwita mbele Jicho la Tatu.

Kutoka safu ya nyuma aliinuka mwanamume mwembamba, shati jeupe, daftari mkononi, anatembea kwa kujiamini kama mtu anayekwenda kwenye kiti chake. Watu wakampigia makofi. Mama Pasi naye alianza kupiga makofi kwa adabu, halafu mikono ikasimama.

"Ndiye huyo," karani alimnong'oneza. "Jicho la Tatu."

"Huyo," Mama Pasi akasema polepole, "ni mume wa mwanangu."

Mkwe alifika mbele, akageuka, akaikuta sura ya mama mkwe wake safu ya kwanza, kati ya makoti mawili. Daftari likaanguka. Aliliokota, likaanguka tena.

"Shikamoo, mama," akasema kwenye kipaza sauti.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, ukidhani ni mzaha wa kuanzia.

"Marahaba, baba," Mama Pasi akajibu. "Mimi ndiye Kifungo."

Kicheko kikakatika. Mkwe alionekana kama mtu anayetafuta mlango. Alisema jambo kuhusu koo kukauka, kwamba labda mtu mwingine aseme badala yake, kwamba yeye hakujua, mama amsamehe, yale ya kifungo cha maisha yalikuwa utani wa simu tu.

Mama Pasi aliinuka, akampelekea henga moja, akashika nyingine. Ndani alikuwa anacheka mpaka mbavu zinamuuma, lakini uso hakuutikisa.

"Baba, usikimbie. Wiki tano unaniambia natazama kucha. Leo nionyeshe tembo."

Basi mkwe akaanza. Mwanzoni kila sentensi ilivaa kofia: kwa ruhusa yako mama, kama hutajali mama, samahani mama lakini. Mama Pasi akaeleza makoti yake mawili, akayapitisha kwa watu wayafunge na kuyafungua, na hoja ya picha iliyogeuzwa ikafa pale pale. Mkwe mwenyewe aliinamisha kichwa akakubali. "Mimi nasaga miwani, mama, nawauzia watu macho," alisema. "Nimeaibika." Watu wakacheka naye, na hapo ndipo alipopata sauti yake.

"Lakini vifungo vinatuambia ni nani," akasema. "Havituambii kwa nini. Mama anasema dada amefungua lango kwa upendo."

"Ndiyo. Kaka yake amefungiwa ndani ya mji ule tangu utoto, analinda watu wasiomjali. Dada amekuja kumtoa. Mtu wa damu yako hakuangamizi."

"Wa damu ndio huweza, mama." Sasa hakuwa anasoma daftari tena, wala hakusema kwa ruhusa yako. "Angalia. Nyumba inaungua, mtoto anapotea. Nani alirudi kupekua majivu? Hakuna. Walilia, wakajenga upya, wakafunga lango. Hata kaka alivaa koti akawa mkuu wa kulinda lango lile lile, na dada yuko nje. Dada hakufungua kwa sababu anawachukia. Alifungua ili atoke mtu mmoja tu aje amtafute."

"Wewe umejuaje?"

Mkwe alifunga daftari. "Mimi nimelelewa nyumba nne, mama. Kwa shangazi, kwa ami, kwa watu. Mtoto anayekaa nje akingoja kuulizwa umekula, namjua."

Mama Pasi alimtazama kijana huyu aliyekula naye Jumapili za miaka mitatu. Alijua kola yake inaisha upande gani. Alijua anapenda shati lisilobana kwapani. Hili la nyumba nne hakulijua, na hakuwahi kuuliza, maana kila alipofika aliuliza mvua.

"Hoja hiyo," akasema mwishowe, "ina uzito. Sijasema nimekubali. Nimesema ina uzito."

Mwenyekiti aliitisha kura, matokeo yakawa sare, na watu wakaendelea kubishana mpaka mhudumu wa maktaba alipoanza kupanga viti kwa kelele.

Binti alipata habari kabla hawajafika nyumbani, kwa sababu mtu alikuwa amerekodi. Alimpigia mama yake, na kwa muda mrefu hakuweza kusema kwa kicheko. "Mlitukanana wiki tano," akasema alipopata pumzi. "Na mimi nimekaa na mmoja kitanda kimoja, anabonyeza simu anasema, huyu Kifungo nitamkomesha."

Jumapili iliyofuata haikuwa zamu ya kwenda kula, lakini Mama Pasi alikwenda, na karani akaja pia. Sehemu ya ishirini na sita, ya mwisho, ilianza saa nane mchana. Wakakaa wanne kwenye makochi mawili. Binti, ambaye hakuwahi kutazama hata moja, aliuliza kila dakika huyu nani, wakamjibu wote watatu kwa pamoja.

Binti Upanga alimfikia mwenye koti juu ya kilima, akampasua kofia kwa ncha ya upanga, nywele zikamwagika, kovu likafutika kwa mvua. Alikuwa dada. Karani alipiga kelele moja tu. Mama Pasi alitulia, kama mtu anayepokea barua aliyojua imeshaandikwa.

Kisha Koti Refu wa kweli akaja, amefungwa bandeji, akamuuliza dada yake kwa nini. Karani alisoma maandishi: "Nilipiga hodi miaka kumi na miwili. Hakuna aliyefungua. Nikafungua mwenyewe, ili mjue mlango ulikuwa upande gani."

Mama Pasi akamgeukia mkwe.

"Umenishinda."

"Hapana, mama. Nusu na nusu. Bila vifungo ningekuwa bado namtukana kaka wa watu."

"Nimesema umenishinda. Usibishane na mkubwa."

"Ndiyo, mama," mkwe akasema, halafu hakuweza kujizuia. "Lakini hapo mwisho, kaka alipovua koti lake akamvika dada yake. Unaona amemsamehe?"

"Kusamehe wapi? Yeye ndiye anaomba msamaha. Mwenye kosa ndiye huvua."

"Mama, kwa ruhusa yako, hapo unakosea kabisa."

Binti alizima runinga, akasema chakula kimekuwa tayari tangu saa nane na nusu. Walikula wakibishana. Mkwe akaosha vyombo, Mama Pasi akavifuta, na ubishi ukaendelea juu ya karo. Alasiri ilipofika mkwe alimsindikiza kituoni. Njiani ubishi ulikwisha, wakawa wanatembea tu, na Mama Pasi akauliza kama mtu anayeuliza saa ngapi, "Ile nyumba ya kwanza ilikuwa ya nani?"

"Ya shangazi," mkwe akasema. Akaanza kusimulia: shangazi aliyekuwa mpole lakini mwenye watoto saba, kitanda cha watoto watatu, yeye wa nne sakafuni, na kuku jike aliyekuwa akilala miguuni pake. Basi la kwanza likaja, wakaliacha. La pili nalo likaja. Walikuwa bado hawajatoka nyumba ya kwanza.

Mwezi uliofuata karani alianzisha hadithi nyingine, ya wapishi wanaoshindana jikoni. Mama Pasi alisema hii haina maana, hakuna mtu anayelia kwa sababu ya supu. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, katikati ya mashati ya hoteli, simu yake ya kubonyeza ikalia mfukoni. Aliweka pasi wima, akasikiliza, akasema, "Hapana, baba, hapana, yule mpishi mnene hakuiba kisu. Mtazame aproni."

Mwenye duka alichungulia kwenye pazia, akauliza nani anapiga saa za kazi.

"Mkwe wangu," Mama Pasi akasema, akiziba simu kwa kiganja. "Ana jambo la haraka."